Nilitaka Kusema "Kumi kwa Moja"

Shangazi mpendwa wa ukurasa wa ushauri, nisaidie kabla ya Ijumaa, na tafadhali usicheke, ingawa mimi mwenyewe nacheka ninapoandika. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nina haya kiasi kwamba nyumbani wananiita Kimya, na hata mwalimu akiita jina langu naitikia kwa kunyoosha kidole. Usidhani ni mambo ya mvulana. Ni injini.

Kaka yangu ana gari dogo ambalo mama huenda nalo kazini, na mwaka huu ameamua kulifunga turbo, yaani kile kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, kikasukuma hewa nyingi ndani na gari likapata mbio ambazo halikuzaliwa nazo, na mgonjwa wa turbo hiyo ni mimi kuliko hata yeye, nikiosha vyombo naiga mlio wake kwa midomo, pssshhh, mpaka mama ameniuliza kama nina pumu. Basi injini imeshushwa, imefunguliwa, iko mezani kwenye gereji ya mjomba, na ugomvi ni mmoja tu, kompresheni iwe ngapi, maana yake pistoni ikipanda iibane ile hewa mara ngapi. Mjomba anasema nane, kwa sababu turbo yenyewe inashindilia hewa, ukiibana sana na ndani pia injini itaanza kugonga na pistoni zitayeyuka kama mshumaa. Kaka anasema nane ni ya trekta, gari litasinzia mpaka turbo iamke, na yeye hayuko tayari kupitwa na baiskeli kwenye taa. Mjomba akamwambia, "Mpwa wangu, injini haidanganywi kama mchumba," wakanuniana.

Ndipo wakanikumbuka mimi, kwa kuwa shuleni tunasoma kwa Kiingereza na kitabu cha injini ni cha Kiingereza, nami nikakisoma, Shangazi, kama watu wanavyosoma barua za mapenzi. Kinasema kwa turbo na petroli ya kawaida ya kituoni usivuke kumi kwa moja, yaani hewa ya ujazo wa kumi ibanwe mpaka ujazo wa moja. Kaka akaniuliza palepale gereji, mafundi wote wameshika chai, "Haya Kimya, mwisho ngapi?" Macho yote kwangu. Kichwani nilikuwa na Kiingereza, Kiswahili nikakitafuta mbiombio, nikajibu, "Mwisho kumi na moja."

Umeona? Nimeweka "na" pa "kwa". Kineno kimoja, na kumi imeongezeka moja. Kaka akaninyanyua akanizungusha, mafundi wakagonga spana kwenye pipa la mafuta, mjomba akavua kofia akasema basi, kitabu kimenena, na tangu hapo hakuna anayeniita Kimya, naitwa Injinia. Injinia, umekula? Injinia, hebu sikiliza mlio huu. Shangazi, naelea, napita uani kama nimefungwa turbo mimi, maana sijawahi kusema neno watu wakashika kazi kwa ajili ya neno hilo.

Lakini silinda hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, imepelekwa kwa fundi mashine aichonge ipungue, nafasi ya hewa iwe finyu mpaka wafike hiyo kumi na moja. Anaichonga Ijumaa asubuhi, na chuma kikishachongwa hakirudi. Kaka ameuza pikipiki yake kwa ajili ya injini hii na mama hana gari lingine. Nikifungua mdomo nimwambie, ananiita Injinia, nami nachekacheka tu kama mjinga. Nimefikiria kunyamaza, si kumi na kumi na moja ni majirani? Na hata hiyo kumi ni kikomo, hatulazimiki kuifikia. Tuchague ngapi, na niseme vipi bila kurudi kuwa Kimya?

Ni mimi, Injinia wa Kineno Kimoja

JIBU

Injinia, umesema nisicheke, umechelewa. Jibu hili nalituma kwanza kwenye simu yako, maana gazeti linatoka Jumamosi na mashine ya kuchonga haisubiri magazeti.

Mimi injini naijua kwa kuwasha na kuzima, hivyo nimempigia dada anayenitengenezea gari, ambaye turbo ndiyo kazi yake. Nilipomtajia kumi na moja akauliza kama mmenunua na pistoni za akiba. Hao si majirani, mwanangu. Wapo wanaofika huko, lakini wana petroli ya mashindano na mtu wa kuichunga injini kutwa. Nyinyi mna mama anayewahi kazini.

Yeye anasema tisa kwa moja. Mjomba wako hajakosea, nane ni salama, ila kaka yako naye kasema kweli: gari la mjini muda mwingi linatembea turbo imelala, na kwa nane litakuwa zito. Kumi inawezekana kwa petroli nzuri na fundi makini wa kuirekebisha injini, lakini mtaogopa kila kituo cha mafuta. Tisa inasamehe. Siku mama akiuziwa petroli mbovu, tisa itanung'unika. Kumi na moja itatoboa pistoni. Tena msikisie: pimeni kwanza nafasi iliyomo kwenye hedi na juu ya pistoni mlizonazo, pengine hedi haihitaji hata kuguswa. Na turbo isukume kwa kiasi, kaka apende asipende.

Sasa wewe. Kwa ulimi kuteleza sikugombezi; anayebeba lugha mbili kichwani lazima siku moja azimwage. Nakugombeza kwa hilo wazo la kunyamaza. Unataka ulinunue jina kwa injini ya kaka yako? Watakuitaje siku injini inashushwa kwa mara ya pili, na mama yuko kituo cha basi? Mficha uchi hazai. Mafundi hukosea vipimo kila siku, na wanaoheshimiwa ni wale wanaosema mapema.

Usianze na kaka, atakuchekesha. Usianze na mjomba, ataifufua kesi ya nane. Mpigie fundi mashine. Hakujui, humjui, haya yako haina pa kushikia. Toa shikamoo moja, usiulizie watoto wala hali ya hewa, sema: "Fundi, usichonge." Maneno mawili. Yakishatoka hayo, hedi imepona, na mengine yote kaka na mjomba unaweza kuwaambia ukicheka, ukilia, au kwa kuwaandikia kwa chaki ukutani.

Piga sasa.