Niende Harusini na Midomo Mitupu?

Mama Siutiti mpendwa, amani ya Bwana ikukute salama hapo gazetini. Nakuandikia nikiwa barazani kwangu, nimezungukwa na majani ya mkadi ya kusukia niliyoyaanika, nikuombe unishike mkono kabla harusi ya mtoto wa kaka yangu haijafika, maana moyo wangu siku hizi unaelea tu, hauzami wala haufiki pwani, na mume wangu Maka amesema nikuulize wewe kwa sababu yeye akinijibu nitanuna.

Mimi ni mama wa makamo, shule sikufika mbali, kazi yangu ni kusuka mikeka na furaha yangu ni kuimba sauti ya pili kwenye kwaya. Mdogo wangu Seini yuko ng'ambo, Auckland, anauza vipodozi vya bei kali katika duka la uwanja wa ndege, na zile lipstiki zinazobaki msimu ukiisha wafanyakazi hugawana, naye fungu lake hunitumia mimi ndani ya boksi la mitumba, kila moja imeviringwa kwenye soksi ya mtoto. Mama, sijui kama umewahi kukishika kikopo kizito cha rangi ya dhahabu ukakifungua taratibu, kikalia tik, kama mlango wa nyumba ndogo sana, ukapanda moshi wa waridi na mafuta. Mimi nikisikia ule mlio huwa naingia humo ndani. Nakaa. Chungu kinaungua jikoni, Maka anaita, mimi sipo.

Majina yake yameandikwa kwa Kifaransa, siyawezi, basi nikazibatiza mwenyewe. Iko Pera, iko Ndani ya Chaza, iko Tope la Maji Kupwa, ambayo ukiitazama ndani ya kikopo unasema hii ni ya maiti, lakini ukiipaka inakuwa kama midomo yako siku uliyolala vizuri. Akina mama wenzangu pale tunaposukia wakaanza kuniuliza, ipi ni ya kwenda sokoni, ipi haitashika meno nikiimba, kwa maana rangi hizi za gharama zilitengenezewa wanawake wanaokaa vyumba vya baridi wakila kwa uma, na sisi tuna jua, tuna tui la nazi, tuna tenzi zenye beti sita. Nikawa naivaa moja kutwa nzima, nafua nayo, nachota nayo maji, halafu jioni nawaambia ukweli wake. Jirani yangu Vaimoana akanirekodi kwa simu akaweka kwenye kundi letu la wasukaji, na hivyo ndivyo zilivyoanza video zangu za Rangi za Kila Siku. Nilikuwa nasema hivi: "Hii, akina mama, ni pera. Siyo pera lililoanguka, ni lile unalolipasua ukakuta ndani limeona haya. Pakeni mara moja tu, mgonge na karatasi, mwende zenu sokoni." Wanawake walipenda, na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda walivyopenda.

Sasa ikaja ile nyekundu nzito. Nilidhani ni ya Krismasi na mazishi ya wakubwa, lakini nikaivaa siku ya kazi nione. Jioni nikarekodiwa nikisema kwamba nimekula majani ya magimbi yaliyopikwa na nyama na tui, midomo iko palepale, nimeimba mazoezi yote, iko palepale, na Maka aliporudi kutoka shambani nikambusu ili niipime, busu lenyewe, siyo lile la mlangoni pa kanisa, na haikutoka. "Msiponiamini mwulizeni Maka," nikasema, "yeye midomo yake ilibaki mikavu kama shelisheli la juzi." Wenzangu walicheka mpaka wakaachia misuko.

Nilisahau kwamba simu hutoka nyumbani na mwenyewe. Jumamosi alasiri wanaume wa kanisa walikaa ukumbini kunywa kava, ile mizizi yetu ya kuponda na maji, ili kuchangia paa la kanisa. Kuna kijana anaitwa Sosaia, ametoka kisiwa cha 'Eua, kaoa kwetu juzijuzi, hajajua bado nani ni dada wa nani. Akaichukua simu ya mkewe akawaambia wenzake, "Hebu msikieni huyu mama," akaifungulia sauti mpaka mwisho. Na kaka yangu Kelepi ameketi palepale kwenye duara.

Mama, wewe ni wa huku, sina haja ya kukueleza sana. Mimi na Kelepi tangu nilipovunja ungo na yeye sauti yake ikabadilika hatujatazama sinema chumba kimoja. Mtu akifanya mzaha wa mapenzi mbele yetu wawili, mmoja wetu huondoka. Na pale ukumbini wote walijua isipokuwa yule mgeni, lakini hakuna aliyeweza kumwambia zima, huyo ni dada yake Kelepi, kwa sababu kulisema hilo ni kulirudia. Sauti yangu ikaendelea kusema mambo ya busu. Maka naye alikuwepo, anasema alilitazama lile bakuli la kava kama linamwita jina. Kelepi akaweka kifuu chake chini, hakijanywewa, akatoka.

Mimi kusikia hivyo nikaona nisilaze jambo. Asubuhi ya Jumatatu nikavaa mkeka wangu wa heshima kiunoni, nikaenda kwake, nikamkuta anakunywa chai na wifi yangu Ane. Nikasema, "Kaka, nimekuja kuhusu ile video ya midomo." Hakuniacha nimalize. Aliinuka, akapita mlango wa jikoni, akaenda shambani bila viatu. Wifi Ane akanigeukia. "Wifi," akasema, "moto unawaka, na wewe umekuja kuuzima na mafuta ya taa."

Tangu hapo kaka haji mazoezi ya kwaya ya Jumanne. Besi yetu imebaki na tundu, nikiimba naisikia. Viazi vikuu vya kwanza vya shamba lake, ambavyo kila mwaka huniletea begani mwenyewe, safari hii kaleta wifi kwenye toroli. Vikubwa kama kawaida, vimesafishwa, lakini yeye hakuja.

Na harusi ndiyo hiyo. Losaline, binti yake mkubwa, anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi ndiye shangazi yake, na kwa desturi yetu mahali pa juu kabisa kwenye mkeka wa harusi ni pa dada wa baba, hilo halina mjadala. Juzi mtoto amenijia na kutambaa kwenye miguu yangu kama alipokuwa mdogo, akasema anataka uso wake nimpake mimi kwa mikono yangu, na mdomo uwe Ndani ya Chaza. Nikamwuliza baba yako amesemaje. "Baba hajasema kitu, shangazi," akasema. "Siku hizi baba anaongea na viazi."

Mke wa mchungaji ananishauri nifute video zote, niende midomo mitupu, na kiti changu nimwachie binamu yangu Toakase mpaka mambo yapoe. Vaimoana anasema nivae ile nyekundu na anayetaka kuzimia azimie. Mimi tangu siku ile sijapaka kitu. Wanawake wananiuliza kama naumwa. Nafungua kikopo, nasikia ule mlio, lakini siingii tena, nabaki nje.

Niambie, Mama. Nizitupe baharini? Nimwandikie kaka barua? Nimpigie magoti mbele ya kwaya? Nikae kwenye ule mkeka au nisikae? Sina kaka mwingine. Kama hatanijia tena mpaka mmoja wetu azikwe, basi hata huo urembo ni wa nini.

Ni mimi, Shangazi wa Pwani ya Mashariki

*

Shangazi wangu,

Kwanza kunywa maji. Pili, majani ya mkadi uyaanue, naona kama mvua inakuja na wewe unaota.

Video yako niliiona. Usishtuke, kisiwa chetu ukikohoa upande mmoja wanakupa pole upande wa pili. Nakwambia bila kukupaka mafuta, unajua kuzisoma rangi. Tope la Maji Kupwa niliinunua kwa sababu yako, na mwenye duka akaniuliza nani kafa. Mungu aliyeyapaka rangi mapera hatakukasirikia kwa kuyatazama. Hilo la mke wa mchungaji liweke pembeni kwa heshima zote.

Lakini busu la mumeo, mama, ulilipeleka wapi? Kwenye simu ya jirani. Mke wa mtu mwenye umri wako, mwenye mahali pa juu mkekani, unasimulia midomo ya Maka kama unauza samaki. Hapo uliteleza. Ni mtelezo mdogo, wa kicheko cha wanawake waliochoka mgongo, na ungeishia ukumbini siku ileile. Wanaume wangenyamaza, yule mgeni angefundishwa na mkewe nyumbani, na mwezi ungepita.

Kosa lililomtoa kaka yako nyumbani bila viatu ni la Jumatatu. Wewe, uliyekulia huku, ulikwenda kulitaja mbele ya macho yake! Ulidhani anaona hasira, ukaenda kuomba radhi. Hakuwa na hasira. Pale kwenye kava, angekaa, yale maneno yangekuwa yanasemwa na dada yake mbele ya kaka yake. Alipotoka, yakawa maneno ya mama fulani tu, wanaume wafanye nayo watakavyo. Alikutoa ukumbini kwa kujitoa yeye. Halafu ukamfuata nayo mpaka kwenye chai. Angefanyaje, akae akusikilize?

Na mtu aliyekuchukia hasafishi viazi kabla ya kukuletea. Anaona haya. Hajui aje na uso gani, kwa sababu wewe umemwonyesha kwamba akija utasema.

Basi usiseme. Barua usiandike, magoti usipige, mchungaji usimtume, wifi usimpe ujumbe wa siri. Usimwambie hata kwamba hutasema. Kuna mambo kati ya kaka na dada ambayo dawa yake ni kutandika mkeka juu yake na kukaa.

Mahali pako usimwachie mtu. Toakase akikaa pale, kila mgeni atauliza shangazi yuko wapi, na jibu lake ni ile video, na Kelepi atalisikia kwenye harusi ya mwanawe. Unataka hivyo? Na huyo Losaline aondoke kwao bila shangazi yake mkekani, atakuwa ameolewa nusu.

Kuhusu uso wake, hapana. Mtoto anakupenda, amesahau adabu, na wewe umefurahi ukaisahau pamoja naye. Shangazi siku hiyo hashiki kazi. Chagua rangi, mpe Vaimoana apake, wewe tazama tu. Waijaribu Ijumaa nje kwenye mwanga wa mchana, ndani ya nyumba kila rangi ni nzuri. Ndani ya Chaza ni laini, bibi harusi atalia, itamwagika. Apakwe mara mbili nyembamba, katikati wagonge na karatasi na poda kidogo.

Wewe mwenyewe, midomo mitupu nakukataza. Wanawake wameshakuuliza kama unaumwa. Ukienda hivyo mbele ya watu wote, utakuwa umeomba radhi kwa sauti kubwa kuliko ile ya simu, na kaka yako ataisikia. Nyekundu nayo iache sandukuni, Vaimoana azimie peke yake. Paka Pera, mara moja, kama ya kwenda sokoni. Kaka yako akuone ulivyokuwa unaonekana siku zote, ajue hakuna kilichotokea.

Video ile moja ifutwe leo. Nyingine endelea nazo, wanawake wa kisiwa hiki wanahitaji mtu wa kuwaambia ukweli kabla hawajatoa pesa zao. Pima rangi zako kwa tui, kwa embe, kwa beti sita. Kwa Maka pima ukitaka, ila majibu baki nayo. Yule kijana wa 'Eua msimseme, ameshajisema mwenyewe kila alipolala.

Sasa nisikilize vizuri. Siku ya harusi utakuwa umekaa pale juu, na itafika saa Kelepi atakuja na kitambaa cha magome ya mti na nyama ya kwanza kukuwekea, kwa sababu kazi hiyo ni yake na hawezi kumtuma mtu. Atakuja ameinama. Hatakutazama. Nawe usimtafute macho, tazama mikono yake. Usilie, usitoe hotuba, usiseme kaka yangu. Akiweka, gusa kile kitambaa kwa kiganja chako, useme asante kama ulivyosema kwenye kila harusi na kila kipaimara cha ukoo. Atarudi nyuma taratibu, hajakupa mgongo, mpaka afike mahali pake.

Jumanne mwekee nafasi kwenye besi.

Mama Siutiti