Ndani ya Mti Kuna Mzazi

Baba Kadzo wangu,

Miaka saba umelala huko kilimani na sijakuandikia, maana kalamu na mimi hatujuani. Leo mwanao Kadzo anaandika, nami nasema. Nimemwambia asinipambie maneno.

Waukumbuka ule mbambakofi nyuma ya nyumba ya mama yako? Nilikuwa bibi harusi mpya, msichana wa Likoni, mambo ya kilimani siyajui. Nikaona ndege, hondohondo jike, yumo ndani ya shimo la mti, tundu limezibwa kwa udongo, mdomo tu wachungulia. Nikasema, huyu dume mshenzi, kamfunga mwenziwe. Nikachukua ufito, nikaanza kubomoa.

Ulikuja mbio, shuka yakudondoka. "We mwanamke! Wambomolea mzazi nyumba?"

"Mzazi gani? Si kafungwa!"

"Kajifungia mwenyewe. Mumewe atamlisha hapo hapo mpaka watoto wakue."

Tukakaa tukatazama. Jike akaliziba tena tundu lake, kwa ndani. Aibu niliyoona siku ile ninayo mpaka leo.

Nilipomzaa Kadzo, mama yako ashafariki, arobaini nzima ulinipikia wewe. Uji ulikuwa na madonge, Mungu akusamehe. Ukanipitishia dirishani huku ukilia kama hondohondo, majirani wakasema umerukwa na akili. Nilikupenda hapo, si siku ya harusi.

Sasa kilima chako kimenyolewa. Upande wa barabara wanachimba mawe ya kujengea majumba ya mjini, upande wa pili wamekata miti wakachoma makaa. Nami nisijitie utakatifu: makaa hayo hayo nimeyapikia hapa Kisauni ninakoishi sasa, gunia baada ya gunia, bila kuuliza ni mti gani. Umebaki ule msitu mdogo wa nyuma ya nyumba, na kaburi lako kando yake.

Wiki jana mdogo wako alinipeleka huko, yuko na mnunuzi wa mawe na karatasi ya kuuza shamba. Lina jina lako, kwa hiyo wataka kidole changu. Wakakichovya kwenye wino.

"Shemeji, bonyeza hapa tu, tushuke zetu."

Ndipo nikasikia ule mlio. Dume alikuja na tunda mdomoni, akalipitisha tunduni kwenye mbambakofi.

Nikafuta wino kwenye leso niliyojifunga. "Sibonyezi."

"Kwa sababu ya ndege, shemeji?"

"Mle ndani kuna mzazi. Wewe mkeo alipozaa ulimpelekea nini, zaidi ya kelele?"

Mnunuzi alicheka. Mdogo wako amenuna, hajaniamkia tangu siku hiyo. Atarudi na karatasi yake, namjua. Kadzo hapa ameacha kuandika, afuta macho. Asema hata mimi nikifa, yeye hatii sahihi.

Leso nimeifua mara mbili, wino haukutoka. Naivaa hivyo hivyo.

Haya, lala. Siku yangu ikifika wataniweka ubavuni pako, hao ndege watupigie kelele juu. Usiuzibe mlango kabla sijaingia.

Mimi mkeo,
Mama Kadzo