Ndege Dakika Hamsini, Mume Saa Tatu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafanya la kujutia. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu ni fundi wa mashine za eksirei, kila Jumatatu anapanda ndege kwenda kuzitengeneza katika hospitali za mji mwingine na kila Ijumaa anarudi, nami sikuwa na shaka mpaka shoga yangu aliponiambia, "Hebu pima huo umbali, wewe," basi nikaupima, uwanja hadi uwanja ni kilomita mia nne na ishirini, dakika hamsini tu angani, na simu yangu inanionyesha ndege yake ikiruka na ikitua, inatua saa nne asubuhi, teksi hadi kwetu ni nusu saa, lakini bwana anaingia saa saba! Nikimuuliza anasema, "Ndege ilichelewa, mama watoto," wakati nimeiona ikitua kwa macho yangu. Nimemsomea dakika zake mlangoni hata begi hajaweka chini, nimenusa mashati, nimepekua mifuko nikakuta risiti za chai, kikombe kimoja kimoja, labda huyo mwenzake hanywi chai. Ijumaa iliyopita jirani yetu dereva teksi alimwona kwenye benchi nje ya mlango wa abiria wanaowasili, begi katikati ya miguu, anatazama watu wanavyotoka. Anamsubiri nani, mshauri? Nani huyo anayeshuka na ndege ya pili? Silali, nakata vitambaa vya watu vibaya, watoto wananikwepa. Niondoke, au nimfumanie kwanza?

Mama Dakika

Mama Dakika, pole. Mumeo amekudanganya, na hilo simtetei hata kidogo. Ndege haikuchelewa.

Lakini na wewe umezidi! Umepima anga yote, kipande cha kutoka uwanjani hadi mlangoni kwako umekiachia teksi. Mtu amekesha na mashine siku tano, anajua nyumbani anangojwa na askari wa zamu, unataka aje mbio? Miaka kumi na moja nasoma barua za mafumanizi, na sijaona mwenye hawara anayekaa naye mlangoni pa uwanja, mbele ya madereva wote wa mtaani kwake. Wala anayenunua chai moja. Huyo shoga yako mshukuru, kisha mpunguze.

Sasa sikia. Kuondoka hapana, kufumania hapana. Ijumaa funga cherehani mapema, uende uwanjani peke yako, simu iache nyumbani. Usijifiche nyuma ya nguzo kama mwizi wa mabegi. Kaa kwenye hilo benchi kabla ndege haijatua. Akitoka na mwanamke, niandikie siku hiyohiyo, tutaongea lugha nyingine. Akitoka peke yake, agiza chai mbili na umuulize swali moja tu: "Nyumbani unaogopa nini?" Halafu nyamaza mpaka amalize, hata kama jibu ni wewe.