Ncha Zisizokutana

Dada yangu mpendwa,

Sisi hatujambo, shemeji yako anazidi kunenepa. Blanketi la viraka la mteja wangu ndilo linalonitoa jasho. Naweka kigezo cha kadibodi juu ya kitambaa, nachora kwa chaki, nakata, lakini nikishona ncha za pembetatu hazikutani. Nikakilaumu kigezo, nikakata kingine.

Jana binti yangu akakipima. “Mama, kigezo kiko sawa. Mbona chaki umeipitisha mbali nacho?”

Mimi niliona vimegusana.

Dada, mama alianza hivihivi, kabla ya kupapasa kuta. Naogopa hata kumwambia mume wangu. Jumatatu nakwenda kwa daktari wa macho. Njoo twende wote. Na leo, tafadhali, jaribu kutunga uzi kwenye sindano.

Mdogo wako.