Ubani Nilioutoa kwa Halbadiri

Jang'ombe, Unguja

Kwa mama yangu mpenzi, Pangani.

Shikamoo mama. Niwie radhi, miezi mitatu sijakuandikia. Sikukusahau, kila nikishika kalamu nashindwa nianzie wapi. Magoti yako yanaendeleaje? Sisi miili mizima. Rukia nshamwachisha ziwa. Baba yake yumo melini, hajarudi.

Mama, huku siasa imeingia mpaka msikitini. Watu wa chama hiki hawamziki wa chama kile. Mzee Faki, jirani yetu muuza kahawa, alipigwa rungu mlangoni pake kwa ajili ya kura yake, akafa. Mimi nilikuwa naanika nguo za mtoto, nikamwona aliyempiga: muadhini wetu. Serikali imemkamata, na mimi nimeandikwa shahidi.

Wiki iliyopita akaja Bi Zuhura wa nyumba ya pili. "Tunasoma Halbadiri, mwanangu. Toa chochote." Nikadhani kwa dua hiyo anaapizwa muuaji. Nikatoa ubani wangu wote, nikaenda nikaketi, nikaitikia amin kwa sauti kuliko wote. Dua ilipofika mwisho ndipo nikasikia: anaapizwa atakayemtoa Muislamu mwenziwe kwa hakimu wa Kizungu. Mama, nimejiapiza kwa ubani wangu mwenyewe!

Nikamuuliza Bi Zuhura, "Kwani Mzee Faki alikuwa kafiri? Si akisali safu ya mbele?"

"We mtoto wa Mrima, dini ya huku utaijulia wapi? Nyamaza tu, dua haitakupata."

Tangu hapo dukani siuziwi, na nikienda mferejini kuteka maji wanawake wananikimbia kama nina ndui. Rukia akikohoa tu, nasema ndiyo hiyo, imefika. Silali, mama. Lakini mjane wa Mzee Faki hunitazama, haniombi kitu, na macho yale siyawezi. Niliona kwa macho yangu. Nitasema. Tafadhali usinikataze.

Nisalimie shangazi anayeniombea kila alfajiri, na baba mdogo fundi cherehani. Bibi mwambieni sijambo; haya msimsomee.

Ni mimi mwanao, Mwanaisha.

Mniletee kwa mtu wa meli: mchele pishi mbili, mafuta ya taa chupa moja, sabuni mche mmoja, na dawa ya kifua ya mtoto. Dada Asha aje mwenyewe amchukue Rukia kabla ya siku ya shauri. Na buibui lako la zamani, lile refu. Langu fupi, nikisimama mbele ya hakimu, wataona miguu inavyotetemeka.