Nyuzi za Damu ya Achieng'

Baba Achieng',

Majibu ya damu yamekuja. Nimeona nikuambie wewe kwanza, kabla hata ya mama mchungaji, maana ni wewe uliyekufa ukiyangoja.

Kile chuma king'aacho ulichookota kwenye vyuma chakavu kule Kawangware, ulikokuwa ukichomelea mageti, tukakitumia kuzuilia mlango hapa nyumbani Silanga, karibu na kitanda cha binti yetu... Tangu wale watu wa serikali waje na kamashine kao kanakolia tititi, wakakibeba wakisema kina mionzi, hukupata usingizi. Kifua chako cha zamani, kile cha moshi wa kuchomelea, kilipokulemea, ukadhani ni mionzi, ukakataa kumbeba mtoto wa Achieng'. "Mtoeni, nitamwambukiza mionzi!" Ukawa unamchezeshea kidole kutoka mbali, naye anacheka akidhani ni mchezo.

Basi, damu ya Achieng' waliiweka kwenye joto, chembe zikaanza kugawanyika, ndipo wakazitazama kwa darubini. Msichana wa maabara alinionyesha picha. Ndani ya kila chembe kuna vinyuzi, wanaviita kromosomu, kila kimoja kina kiuno kimoja. Mionzi ikivikata, vinaweza kujiunga ovyo, kimoja kikawa na viuno viwili.

Nikamwambia, "Hiyo naijua, mwanangu. Nikifumua sweta za mitumba pale sokoni Toi, uzi ukikatika, naweza kuunga ncha isiyo yake."

Akacheka. "Mathe, si uje tukuandike kazi!"

Walitazama chembe nyingi, Baba Achieng'. Vya viuno viwili hawakuona zaidi ya vile mtu yeyote huwa navyo. Kama mionzi ilimpata, ni kidogo sana. Bwana asifiwe! Nililia mbele za watu.

Halafu nikauliza lile swali lako, kama ungemwambukiza mtoto. Akasema mionzi ya kile chuma ilikupita mwilini kama mwanga wa taa, haikukaa. Hukuwa na cha kumwambukiza mtu. Ungeweza kumbeba. Ungeweza kumbeba, baba, kila siku.



Ile sweta yako ya kijani uliyotaka ichomwe, sikuichoma. Wale watu waliipima, kamashine kakanyamaza. Jana nimeanza kuifumua. Uzi bado unanukia wewe, na moshi wa kazi yako. Nitamfumia mtoto sweta, nakuahidi, na sitaufua uzi kwanza. Ataivaa, nawe utakuwa umembeba.

Pumzika kwa Yesu, mpenzi wangu, mpaka atukutanishe.

Wako,
Mama Achieng'