Ndiyo Niliyoitikia Bila Kuelewa

Mjukuu wangu Zawadi,

Hujambo huko Dodoma? Sisi hapa Katubuka ni wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Usicheke kuitwa mjukuu na msichana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Marehemu babu yako alikuwa kaka yangu, mtoto wa baba yangu mkubwa.

Umeuliza kama kweli nilikaribia kuifuta sauti yake. Ni kweli. Kompyuta yake ya zamani, isiyofanana na hizi za kawaida, ilikataa kuwaka. Fundi mmoja mzee wa Mwandiga akaniambia programu ya kuiamsha niiweke kwenye kipande kidogo cha diski, nisiguse kikubwa chenye rekodi za sauti yake, maana kipande kinachowekewa programu hufutwa chote.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, Mzee."

Akaenda kunywa chai. Kioo kikanionyesha namba za vipande tu, bila ukubwa. Nikachagua moja, lakini kabla ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha nikamkimbilia mgahawani.

"Shikamoo tena, Mzee. Sikuelewa."

"Marahaba. Sasa ile 'ndiyo' yako ilikuwa ya nini?"

"Ya heshima, Mzee."

"Heshima itatufutia diski, binti!"

Kweli nilikuwa nimechagua kikubwa. Tukabadilisha. Ilipowaka, tukafungua rekodi ya kwanza, tukamsikia babu yako akikohoa, kisha akauliza, "Hivi kinarekodi hiki?"

Bibi yako,
Rehema